Tailizi za jiko zinalia tupu, zinatoa chumvi au zinapasuka: angalia sakafu kwanza (kwa watu wa Malindi na Lamu)

Kabla hujamlaumu mwenye duka alokuuzia tailizi, na kabla hujaita fundi mwengine aje abandike upya pale pale, hebu angalia sakafu. Majiko mengi yenye tailizi mbovu hapa Malindi, iwe Barani, Muyeye ama Shela, shida iko chini: sakafu ina maji, au ina chumvi, au inacheza, au uso wake umeng'arishwa sana mpaka gundi haina pa kushika. Tailizi yenyewe kuwa mbovu ni nadra sana. Sasa mtu akibandika mpya bila kujua ni ipi kati ya hizo, pesa imeenda, na baada ya masika moja au mbili jiko limerudi vile lilivokuwa.

Na jiko lina mateso kuliko sebule. Maji yanamwagika kila siku, mafuta, mtungi wa gesi unaburutwa, seredani (jiko la makaa) inawekwa chini, mtu anapiga nazi na kuponda pilipili pale pale sakafuni. Kwa hivyo kosa dogo ambalo sebuleni lingekaa miaka bila kuonekana, jikoni litajitokeza haraka.

Nimepanga kwa dalili. Soma ile inayofanana na yako, lakini hii ya kwanza ya kugonga usiiruke hata kama unaona ushajua tatizo.

ANZA KWA KUGONGA

Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga kila tailizi moja moja, katikati na kwenye pembe zote nne. Iliyoshika vizuri inatoa mlio mzito mfupi, iliyoachana na sakafu inalia kama debe tupu, hata mtoto atasikia tofauti. Kila inayolia tupu itie alama ya chaki. Ukimaliza chumba kizima simama mlangoni uangalie zile chaki zimekaa vipi, manake mpangilio wake ndio unaokwambia sababu.

Zikiwa zimetapakaa huku moja kule moja, kosa liko kwenye ubandikaji. Zikiwa ni pembe tu zinalia na katikati pako sawa, fundi alitia madonge ya simiti badala ya kutandaza. Zikifuata ukuta wa nje au ukuta wa bafu, shuku maji. Zikifuata mstari mmoja ulionyooka kukata chumba, chini kuna ufa au mahali sakafu mbili zimekutana. Na zikiwa ni kundi kubwa katikati ya chumba huku za ukutani zimekaza, basi hazikuachiwa nafasi ya kupumua pembeni, hiyo tutaifikia.

ZINALIA TUPU LAKINI BADO HAZIJABANDUKA

Hapa lazima ung'oe moja uitazame kwa chini. Chagua iliyo karibu na ukuta au chini ya kabati, kata grauti (ule ujazo wa kati ya tailizi na tailizi) kuizunguka kwa grainda au kisu cha grauti, halafu inua polepole kwa tindo bapa ili itoke nzima ukiweza. Sasa angalia gundi au simiti imebaki wapi. Hii ndio sehemu muhimu kuliko zote na ndio watu hawaifanyi, wanavunja kwa nyundo, wanafagia, wanabandika nyingine.

Kama gundi yote imebaki sakafuni, ina mistari ya mwiko wa meno bado imesimama vile vile haikulala, na mgongo wa tailizi ni msafi, basi gundi ilikuwa ishaanza kukauka juu kabla tailizi haijawekwa. Hii kwetu inatokea sana wakati wa kaskazi na kusi zote mbili, upepo unaingia dirishani na mlangoni, jua limepiga, fundi katandaza eneo kubwa apate kwenda haraka, na ile gundi inafanya ngozi juu. Mfuko unaweza kuandikwa dakika 20 lakini hizo ni dakika za mahali pametulia, sio jiko lenye upepo wa bahari. Dawa ni kutandaza eneo dogo, funga dirisha, na kila mara gusa gundi kwa kidole, isiposhika kidole ikwangue yote uitupe. Usiinyunyizie maji ukadhani imefufuka.

Au mgongo ni msafi lakini una unga mweupe. Tailizi nyingi zinatoka kiwandani na ule unga, unazuia zisigandane kwenye tanuru, na ukibandika bila kuufuta gundi inashika unga, haishiki tailizi. Futa kwa kitambaa kibichi au sifongo, subiri mgongo ukauke, kisha paka gundi nyembamba mgongoni kwa upande bapa wa mwiko halafu ndio uweke. Kazi ya sekunde chache kwa kila moja.

Kuna pia hili la kuloweka. Tailizi za zamani za seramiki zilikuwa zinalowekwa kwenye ndoo usiku kucha manake zinakunywa maji na zikibandikwa kavu kwa simiti tupu zinanyonya maji yote ya simiti. Zile za poselini zinazouzwa sana siku hizi hazinywi, kiwango chake cha kunyonya maji hakifiki hata 0.5% ya uzito, kwa hivyo kuziloweka hakusaidii kitu, unaacha tu maji mgongoni. Na kwa sababu hazinywi, simiti ya kawaida haina pa kuingilia ishike, poselini inataka gundi ya mfuko iliyoandikwa ni ya poselini. Ukikuta simiti ya kijivu imeachana na poselini safi kabisa bila hata doa, jibu ndio hilo.

Sasa kama ni kinyume chake, gundi imekuja na tailizi na sakafu chini imebaki laini inang'ara, hapo kosa ni matayarisho ya sakafu. Nyumba nyingi huku zilikuwa na ile sakafu ya simiti nyekundu iliyopigwa mwiko wa chuma mpaka ikateleza, halafu ikapakwa polishi miaka na miaka. Sakafu nzuri ile, lakini kwa tailizi ni mbaya. Fanya jaribio la tone la maji: dondosha matone machache ya maji sehemu tofauti tofauti uyaangalie. Tone likikaa limeviringana dakika kadhaa haliingii, sakafu imeziba, ina polishi au mafuta au rangi. Likinywewa taratibu na kuacha doa jeusi, sakafu iko sawa. Likimezwa papo hapo, sakafu ina kiu sana na itanyonya maji ya gundi kabla haijashika, hiyo inataka praima (dawa ya kupaka sakafuni kabla ya gundi) au kulowanishwa kidogo, iwe mbichi bila maji kusimama.

Iliyoziba haina njia ya mkato. Toa polishi kwanza kwa sabuni kali ya kukata mafuta, suuza, halafu ondoa ule uso kwa grainda yenye diski ya kusaga zege, au kama hamna umeme wa kutosha pale, tindo na nyundo, vidonda vya karibu karibu sakafu nzima. Sio vidonda vitatu vya hapa na pale kisha fundi akwambie tayari. Karibu na meko ndio pa kusugua zaidi, mafuta ya samaki na ya kukaangia viazi karai yameingia ndani miaka yote, rudia tone la maji mpaka lizame.

Kuna ya tatu: sakafu yenyewe imebanduka ikaja na gundi, mgongo wa tailizi umebeba ukoko wa mchanga. Hapo skridi ni dhaifu, yaani ile plasta ya sakafu juu ya zege. Kwangua sakafu kwa msumari, ikiwa inachimbika mfereji na kutoa unga, hakuna gundi duniani itakayookoa, lazima skridi itolewe yote. Sababu zake ni tatu za kawaida: simiti kidogo, mchanga wenye matope, au haikunyweshwa maji. Mchanga wetu mwingi Malindi unatoka Sabaki na kila mtu anaujua ule mto, mvua zikipiga bara unashusha udongo mpaka bahari inageuka kahawia ufuo mzima. Kwa hivyo mchanga wake upime: tia kwenye chupa ya kioo mpaka nusu, ongeza maji, tikisa, iache itulie masaa kadhaa uone safu ya tope inayokaa juu ya mchanga. Kama tope ni nene mchanga huo uoshwe au urudishwe. Mchanganyiko wa skridi ni simiti moja kwa mchanga tatu au nne, sio moja kwa saba, na baada ya kumwagwa inafunikwa nailoni au magunia mabichi si chini ya siku 7. Upepo wa huku ukiachiwa skridi mbichi unaikausha juu siku ya kwanza, na hiyo haiwi ngumu tena maisha.

ZIMEINUKA KATIKATI, MBILI ZIMEGUSANA KWA NCHA

Watu wanaogopa sana hii, inatokea ghafla, mara nyingine usiku na mlio, wanasema ni jini au ni tetemeko. Tailizi zimebanwa. Fundi kazipiga zikagusana bila spesa, vile vipande vidogo vya kuacha nafasi kati yake, na kwenye kuta kazisukuma mpaka mwisho halafu kajaza simiti. Zege mpya chini inasinyaa vile inavyokauka, tailizi juu zinatanuka kwa joto na unyevu, hazina pa kwenda isipokuwa juu.

Ukitaka kuhakikisha, ng'oa skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta) upande mmoja uone. Ukikuta tailizi imekaba ukuta, ushapata. Kuzunguka chumba chote inatakiwa nafasi ya kama milimita 5 hadi 6, pia kuzunguka nguzo na kuta fupi za kabati la simiti, na nafasi hiyo inajazwa silikoni (ujazo laini kama mpira) au inaachwa tupu chini ya skatingi, haijazwi grauti wala simiti. Jiko kubwa lililoungana na sebule linataka pia mstari wa silikoni katikati, ndani ya nyumba kila mita 8 au karibu na hapo, na jiko la wazi linalopigwa na jua, yale ya baraza za makuti, weka kila mita 3 hivi. Tailizi ya rangi nyeusi juani inapata moto sana mchana na mvua ikija ghafla inapoa mara moja. Huko nchi za baridi wanatandaza waya za umeme chini ya tailizi ili jiko liwe na joto, na wao pia wanalazimika kutumia gundi inayonyumbulika na kuacha nafasi pembeni kwa sababu hii hii, sakafu inayopata moto na kupoa kila siku haikubali kubanwa. Sisi waya hatuhitaji, jua linafanya kazi hiyo bure, lakini gundi ya kunyumbulika kwenye jiko la wazi tunaihitaji vile vile.

Na muda. Skridi ya simiti inakauka kama milimita 1 kwa siku kwa zile milimita 50 za kwanza, zikizidi hapo inachukua muda zaidi, na huo ni wakati hewa ni kavu. Mwezi wa tano hapa pwani hewa si kavu hata kidogo. Fundi akikwambia skridi ya juzi kesho abandike, mwambie angoje. Akiwa na haraka ya kwenda kazi nyengine mwache aende arudi, fundi mzuri hatakasirika.

Kutengeneza: zilizoinuka zitolewe, kwangua gundi ya zamani, kata nafasi kuzunguka kuta kwa grainda, ndio ubandike tena na spesa. Ukirudisha tu zile mbili bila kukata pembeni, zitainuka nyengine.

CHUMVI NYEUPE KWENYE GRAUTI NA CHINI YA UKUTA

Hii ndio ya kwetu hasa. Asubuhi unafagia unga mweupe, jioni umerudi.

Kwanza tenganisha. Kama tailizi ni mpya na ule weupe ni mwepesi na unapungua kila ukifuta, ni chokaa ya simiti yenyewe inatoka na maji ya ujenzi, itakwisha baada ya miezi. Futa kwa brashi kavu, usimwage maji zaidi manake maji ndio yanayoibeba. Lakini kama unarudi vile vile, unazidi wakati wa mvua, grauti inavimba na kumeguka na rangi ya ukuta inavuka kwa chini, basi kuna maji yanapanda kutoka ardhini na chumvi.

Jaribio la nailoni: kata kipande cha nailoni safi ya kuona, kama sentimita 45 kwa 45, kibandike kwenye sakafu iliyo wazi bila tailizi, funga kingo zote kwa selotepu pana, kiache angalau masaa 16, mimi naona bora siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone chini ya nailoni au sakafu imekuwa nyeusi pale, sakafu inatoa maji. Na usilifanye mwezi wa pili tu ukaridhika, wakati huo ardhi imekauka na maji ya visima yameshuka. Kama kuna uwezekano rudia masika yakikolea, ndio utaona ukweli wa nyumba yako.

Chumvi yenyewe inatoka wapi? Inaweza kuwa ardhini, hasa viwanja vilivyo karibu na bahari. Inaweza kuwa ni mchanga wa ufuoni ulioletwa na mtu kwa sababu ni karibu na bei rahisi. Inaweza kuwa maji: kisima cha chumvi kimetumiwa kukorogea zege na skridi, na hapo chumvi iko ndani ya sakafu yenyewe hata kama ardhi ni kavu. Uliza waliojenga, uliza jirani, onja maji ya kisima kile. Na kama zege ina chuma, ile chumvi haiishii kwenye weupe tu, inaozesha BRC (nyavu ya chuma ya zege) na nondo, kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Ukiona grauti ina doa la kahawia linalorudi juu ya ufa, hiyo ni kutu, na hapo usipoteze pesa ya tailizi kabla hujaita mtu anayejua mambo ya zege.

Kutibu. Kama sakafu ya chini haikuwekwa nailoni ya geji 1000 (ile nene ya kuzuia unyevu wa ardhi) chini ya zege, na nyingi za zamani hazina, dawa kamili ni kubomoa: chimba, shindilia mawe na maramu, mchanga mwembamba juu ili nailoni isitoboke, nailoni ipandishwe ukutani pembeni na viungo vyake vipandane vizuri, ndio zege na skridi, kwa mchanga wa mto na maji tamu. Kazi nzito lakini mara moja. Kama huwezi kubomoa kuna dawa za kupaka za kuzuia unyevu zinazopakwa juu ya zege mikono miwili kabla ya gundi, soma mfuko uhakikishe imeandikwa inafaa kwa maji yanayotoka chini, sio ile ya kupaka kwenye tangi kwa ndani tu. Rangi ya mafuta usipake. Itafura na kubanduka na gundi yako yote juu yake.

Na asidi ya kusafishia, ile ya kwenye chupa wanayomwaga chooni, iache. Inatoa weupe leo, inakula grauti kesho, na ukimwaga mara nyingi unaongeza chumvi nyengine.

NYUMBA ZA MAWE ZA LAMU

Hizi naziweka peke yake manake makosa ya kisasa yanaziumiza vibaya. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unakunywa maji na kuyatoa, ndivyo ulivyoishi karne zote hizo. Sakafu ya zamani ya chini, ya chokaa, nayo ilikuwa inapumua, unyevu wa ardhi unatoka kidogo kidogo chumba kizima. Sasa ukifunika sakafu yote nailoni, zege na poselini, yale maji hayajaondoka, yanatafuta njia na njia ni ukuta. Mwaka unapita unaona plasta ya ukuta inaanguka, kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, watu wanasema ukuta umezeeka. Haukuzeeka, umezidiwa. Na wakiupiga plasta ya simiti ndio unapanda zaidi. Kama nyumba yako ni hiyo, na hasa iko ndani ya Mji wa Kale ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, ongea na watu wa Makumbusho ya Taifa kabla hujagusa sakafu, na kwa jiko la chini fikiria sakafu ya chokaa au vigae vya udongo visivyozibwa, vilivyolazwa kwa chokaa. Sio kwa sababu ya urembo wa zamani tu. Ni kwa sababu nyumba hiyo inataka hivyo.

Jiko likiwa juu, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za Lamu, shida ni nyengine: sakafu imebebwa na boriti za mikoko, na boriti inacheza kidogo mtu akipita. Zikipasuka tailizi kwa mstari, angalia dari la chumba cha chini, mistari ya ufa itafuata boriti. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu boriti zenyewe ndio urefu wake huo, hazikukusudiwa kubeba mzigo wa ziada. Piga hesabu: skridi ya simiti ya sentimita 5 ina uzito wa kama kilo 100 kwa kila mita mraba, bila tailizi. Jiko la mita 3 kwa 4 ni kilo 1,200, ni sawa na mifuko 24 ya simiti umeilaza juu ya boriti milele. Usifanye. Kagua boriti kwanza, toboa kidogo kwa bisibisi kwenye ncha inapoingia ukutani uone kama imeoza au imeliwa na mchwa, badilisha mbovu, na kama bado unataka kitu cha kusafishika kwa urahisi tumia tailizi ndogo nyepesi, gundi ya kunyumbulika na nyavu ya kutenganisha ufa (inalazwa chini ya tailizi ili ufa wa sakafu usiipasue), bila kuongeza skridi nzito.

Mchanga wa Lamu nao: ule wa matuta ya Shela ya huko Lamu usiukubali, hata ukiletewa na punda mpaka mlangoni kwa bei ya chini. Ni laini mno, wote punje za saizi moja, hautengenezi skridi nzuri, na matuta yale ndio yanashika maji tamu ambayo mji unakunywa. Subiri jahazi lilete mchanga wa sawa.

UFA UNAPITA TAILIZI KADHAA (NYUMBA ZA KAWAIDA)

Tailizi haipasuki mstari mmoja yenyewe, inafuata zege. Mara nyingi ni mahali jiko liliongezwa kwenye nyumba ya zamani, sakafu mpya na ya zamani zimekutana juu ya msingi wa ukuta uliobomolewa, na upande mmoja umeshuka. Andika kwa penseli mwisho wa ufa na tarehe, paka kiraka kidogo cha plasta ngumu juu ya ufa sakafuni, ngojea miezi kadhaa. Kiraka kikibaki kizima, ufa umelala, unaweza kuweka nyavu ya kutenganisha na kubandika. Kikikatika, bado unatembea, na hapo tafuta kwa nini udongo unashuka: tangi la choo liko karibu? Bomba la sinki linavuja chini ya sakafu? Funga mifereji (koki) yote usiku, soma mita ya maji, isome asubuhi. Kama namba imesonga, una bomba linalovuja.

Ikiwa sakafu mbili zimekutana tu na zote ziko imara, weka mstari wa silikoni juu ya ile njia badala ya kupitisha tailizi juu yake.

MAJI YANASIMAMA, AU TAILIZI ZIMETOA MDOMO (UKINGO MMOJA UKO JUU YA MWENZAKE)

Mteremko unatengenezwa na skridi. Fundi akikwambia atausawazisha na gundi mkatalie, gundi ikiwa nene inasinyaa na kushusha tailizi. Sentimita 1 kwa kila mita kuelekea tundu la maji inatosha kwa jiko. Kabla ya kubandika laza rula ndefu ya alumini ya mita 2 pande zote, chini yake usione mwanga zaidi ya milimita 3, palipoinuka pasagwe, palipobonyea pajazwe. Tailizi za 60 kwa 60 haziwezi kuinama pande nne kufuata tundu la katikati, lazima zitoe mdomo, kwa hivyo kama unazitaka kubwa peleka mteremko upande mmoja tu, kwenye mfereji mrefu wa ukutani. Na kubwa zinataka mwiko wa meno ya milimita 10 pamoja na gundi mgongoni. Inua moja kila baada ya chache uone gundi imeshika mgongo karibu wote, madonge matano hapana.

GRAUTI INATOKA

Ikiwa ngumu lakini inatoka vipande, tailizi inacheza, rudi kwenye kugonga. Ikiwa ni unga unga, ilikorogwa na maji mengi au ilifutwa na sifongo lililojaa maji kabla haijakamata. Itolewe nusu ya kina au zaidi, ijazwe upya. Kupaka mpya juu juu ya ya zamani hakudumu.

TAILIZI ILIPASUKA CHINI YA SEREDANI

Hii sio sakafu. Joto limekaa mahali pamoja, halafu mtu kamwaga maji. Weka seredani juu ya jiwe au stendi ya chuma yenye miguu.

JE, NI LAZIMA UNG'OE ZOTE?

Hapana, sio kila mara. Chaki zako zikionyesha chache zilizotapakaa, nailoni imetoka kavu na hakuna chumvi, badilisha hizo chache tu. Chaki zikifuata ukuta na chumvi iko, kung'oa tailizi ni bure kabla ya kumaliza maji. Skridi ikiwa unga, zote zitoke, hata zile ambazo bado zimekaza, manake zitafuata. Na ukinunua mpya chukua boksi moja la ziada lenye namba ile ile ya rangi iliyopigwa ubavuni, kwa sababu ukirudi dukani mwaka ujao jina litakuwa lile lile na rangi itakuwa nyengine.